Mmoja katika 61,741,120

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike habari za safari ya Kidato cha Nne kwenda Ngorongoro. Nilikubali upesi, kisha nikasikia ya kuwa wenzangu wawili wameombwa vile vile, na mmoja wao alimwona faru. Mimi sikumwona faru. Habari za faru mtazisoma mahali pengine katika gazeti hili. Kitu nilichorudi nacho mimi ni namba, na kwa kuwa imenikosesha usingizi muhula mzima, naomba radhi niandike habari zake.

Kwa wale wasiofahamu kwetu, barabara ya lami hutoka Karatu ikapanda kati ya mashamba mpaka lango la Lodoare, kisha huingia msituni. Siku ile ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa saa tatu ya asubuhi. Tulipofika ukingoni, mahali pa kutazamia, ukungu ukafunguka kama pazia, tukaiona Kreta chini yetu, kina chake yapata meta 600. Mhifadhi aliyetupokea alitueleza mambo vizuri. Alisema eneo lote la hifadhi ni kilometa za mraba 8,292, na ya kuwa lilitengwa na Serengeti mwaka 1959. Kisha akasema ndani ya Kreta wamo wanyama wakubwa wapatao 25,000. Hapo nikanyosha mkono, nikamwuliza ni nani aliyewahesabu.

Wenzangu walicheka sana. Mhifadhi hakucheka. Alisema wanyama huhesabiwa, lakini nyumbu hawasimami foleni, na namba ile ni ya kukadiria: mwaka mmoja huzidi, mwaka mwingine hupungua.

Usiku, saa za kujisomea, nilifungua daftari langu la hesabu nikazigawanya zile namba mbili. Kwa faida ya wazazi watakaosoma ukurasa huu, nitaeleza kidogo. Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yo yote ila 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11. Kila namba nyingine hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, tena kwa njia moja tu, kama vile kila mtu ana wazazi wake na si wengine. (Aliyezipa jina la tasa nadhani alifikiri haraka. Namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote.)

Basi, 25,000 ni 2 mara tatu na 5 mara tano: 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5. Hakuna kingine. Bali 8,292 ni 2 × 2 × 3 × 691, na hiyo 691 ni tasa. Nikazitazama kwa muda, ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimefundishwa. Sisi huhesabu kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi. Mtu akikadiria, hujaza sifuri mwishoni, na kila sifuri ni 2 moja na 5 moja. Kwa hiyo namba ya kukadiria hujaa 2 na 5, kama chakula kilichojaa mchanga. Namba ya kupimwa huwa na kitu kigumu ndani yake, kama 691.

Mwenzangu wa dawati la pili alisoma juu ya bega langu akasema, "Haya, mtaalamu. Na Watanzania je? Sisi tumehesabiwa au tumekadiriwa?"

Namba ya Watanzania sikuhitaji kuitafuta. Ninayo tangu Kidato cha Kwanza, imeandikwa nyuma ya daftari ninalolitunza kwa sababu nitakayoieleza. Sensa ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022, na matokeo yakatangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule: watu 61,741,120. Mwenzangu alipoiona akapiga kofi mezani. "Inaishia na sifuri! Imekadiriwa!"

Nilimwonyesha kwanza jinsi ile sifuri ilivyozaliwa. Tanzania Bara watu 59,851,347, Zanzibar watu 1,889,773. Saba na tatu ni kumi. Hakuna aliyejaza sifuri; imejileta yenyewe. Lakini yeye hakuridhika, nami pia nilitaka kuona kilichomo, basi tukaanza kugawanya.

Mara sita kwa 2, mara moja kwa 5, mara moja kwa 7: ikabaki 27,563. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Si lazima kujaribu namba tasa zote mpaka mwisho. Unakwenda mpaka kwenye kipeuo cha pili tu, kwa sababu kama namba ina vigawo viwili, kimoja hakiwezi kukipita kipeuo. Kipeuo cha 27,563 ni 166 na kidogo. Nilijaribu 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, kila moja ikaacha baki. Mwenzangu alikwenda zake kulala. Taa zilikaribia kuzimwa, na baridi ya Karatu mnaijua. Nilikuwa nimeingiza mkono mmoja katika sweta na mwingine ndio unaoandika. Nikajaribu 43. Ikaingia bila baki, mara 641. Na 641 haigawanyiki.

Hivyo: 61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641.

Siku ya pili Mwalimu wa Hesabu aliitazama, akanyamaza, kisha akaweka kidole juu ya 641. Akaniuliza kama naifahamu. Nikasema hapana. Akavuta kiti akanisimulia. Zamani Mfaransa aliyeitwa Fermat alitunga namba kwa kanuni moja: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni tasa, naye akaamini ya kuwa kila itakayofuata itakuwa tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Watu wakamwamini, kwa kuwa nani angeigawanya? Mwaka 1732 Euler, mtu wa Uswisi, akaonyesha ya kuwa inagawanyika: ni 641 mara 6,700,417. Wala hakujaribu namba zote. Alitambua kwanza ya kuwa kigawo cho chote cha namba ile lazima kiwe mafungu ya 64 na 1 juu yake, na katika namba tasa za namna hiyo 641 ni ya tano. "Wewe," akasema Mwalimu, "umeikuta 641 ndani ya Watanzania."

Tena zitazameni tarakimu nne za mwanzo: 6174. Hii ilijulikana kwa ajili ya mwalimu wa shule wa India, jina lake Kaprekar, aliyefariki mwaka 1986. Chukua namba yo yote yenye tarakimu nne zisizofanana zote. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, utoe. Jibu ulifanye vile vile. Haizidi mara saba utaifikia 6174, na ukifika hapo hutoki. Tuchukue ile 8,292 ya Ngorongoro: 9822 kutoa 2289 ni 7533, 7533 kutoa 3357 ni 4176, 7641 kutoa 1467 ni 6174. Mwaka 1959 hufika kwa mara mbili tu. Bweni letu zima lilikuwa likifanya mchezo huu juma zima, hata mwaka wa kuzaliwa wa mwangalizi wa bweni ulitumika, bila yeye kujua.

Wayunani wa kale nao walizigawa namba kwa tabia. Jumlisha vigawo vyote vya namba isipokuwa yenyewe. Vikilingana nayo, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3, ni timilifu. Visipofika ni pungufu, na vikizidi ni zidifu. Namba yetu ina vigawo 112. Nikiiacha yenyewe, vilivyobaki hufika 110,458,688. Ni zidifu, tena kwa wingi. Kujumlisha kulinichukua Jumapili nzima, kisha Mwalimu akanionyesha njia ya mistari mitatu, nikatamani kulia.

Sasa nieleze kwa nini niliitunza namba hii tangu zamani. Ndani yake yumo Bibi yangu, na aliyemtia ni mimi.

Bibi hakupenda kuhesabiwa. Alisema watu na mifugo hawahesabiwi kwa kidole, kwa kuwa anayewahesabu huwaita wanaosikiliza gizani. Mbuzi wake hakupata kuwatajia idadi. Jioni alisimama mlangoni pa zizi wakimpitia, akasema, "Yule mweusi mwenye baka usoni hajarudi," na kweli mweusi hajarudi. Nikamwuliza siku moja wako wangapi. Akaniambia, "Wako wote."

Agosti ile nilikuwa nyumbani, umri wangu miaka 14. Baba alikuwa Mang'ola kwenye vitunguu. Karani wa sensa alifika kwetu siku ya pili, dada mmoja mpole, ameshika kishikwambi kifuani kama mtoto. Bibi alipomwona akiingia uani aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Mama akaulizwa ni nani na nani waliolala katika kaya ile usiku wa kuamkia tarehe 23. Mama akataja watu sita: yeye na sisi watoto watano. Nilijua kwa nini amesema sita. Karani akauliza, "Hakuna mwingine?" Mama akatazama chini.

Nikasema, "Yuko Bibi."

Sijui kama nilisema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya kujionyesha mbele ya kile kishikwambi. Nadhani vyote viwili. Karani akaandika jina la Bibi. Akauliza umri, hakuna aliyeujua, akaandika 80.

Toka siku ile Bibi hakusema nami. Nilipomsalimu "Shikamoo" aliitika, basi. Siku ya kurudi shuleni alinifungia viazi vitamu katika kitambaa akasema, "Nenda, soma." Mwisho wa Oktoba namba ikatangazwa, mwalimu akaiandika ubaoni, nami nikainakili nyuma ya daftari. Katikati ya Novemba niliitwa ofisini. Bibi alikuwa amefariki, kifua kilimbana siku nne.

Kwenye matanga nilikuwa nimebeba kuni, nikamsikia shangazi yangu mmoja akiwaambia wenzake, "Si alihesabiwa." Hakunitaja wala hakunitazama. Lakini kuni ziliniangukia miguuni.

Mtu mwenye akili zake atasema: kama kuhesabiwa kunaua, basi watu zaidi ya milioni 61 wangalikufa Novemba ile. Hesabu hiyo niliifanya usiku ule ule wa matanga, na ni sahihi, lakini haikunisaidia kitu, na kwa Shangazi nisingethubutu kuipeleka. Nikaenda nayo miaka mitatu.

Ndiyo maana, nilipokwisha kuiona 641, usiku wa tatu nilifanya jambo moja zaidi. Nilimtoa Bibi. Niliandika 61,741,119, yaani namba ambayo ingalisomwa Dodoma kama ningalinyamaza.

Katika kujumlisha, mmoja kati ya milioni 61 si kitu. Hata ukichora mstari wa kuwaonyesha haonekani. Lakini katika kugawanya mambo ni mengine. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1. Maana kama 43 ingaligawanya zote mbili, ingaligawanya na tofauti yao, na tofauti yao ni 1. Basi ukimwondoa mtu mmoja, zile 2 sita huondoka zote pamoja, na 5, na 7, na 43, na 641 ya Euler. Havibaki hata kimoja. Namba mpya ni 3 × 11 × 1,870,943. Hiyo ya mwisho sijaimaliza, nimeijaribu mpaka 23. Hata hivyo naweza kusema tayari ya kuwa 61,741,119 ni pungufu, kwa sababu vigawo tasa vilivyobaki, kama vipo, vyote hupita 23, na vikubwa namna hiyo haviwezi kuongeza jumla ya kutosha. Pamoja na Bibi zidifu, bila Bibi pungufu.

Nilimpelekea Mwalimu. Alisoma yote, pamoja na habari ya Bibi, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika pembeni. Akaniambia, "Vigawo vyako ni sahihi. Lakini mimi ni mwalimu wako, lazima nikuambie. Makarani walikuwa maelfu kwa maelfu. Je, unadhani hakuna nyumba moja mahali fulani ambamo kijana hakusema? Au mtu aliyeandikwa mara mbili? Ukitaka kujua kama namba ilihesabiwa sawasawa, mwulize aliyehesabu, usiiulize namba. Hiyo 641 ni bahati."

Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Nami naamini alivyosema. Hata ile kanuni yangu ya mchanga wa 2 na 5 aliivunja kwa mfano mmoja: darasa letu lina wanafunzi 40, nao wamehesabiwa kila asubuhi. Lakini alinirudishia daftari bila kuukata ule ukurasa kwa wino mwekundu, jambo ambalo si desturi yake.

Likizo iliyopita nilimweleza Mama. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, akasikiliza mpaka mwisho, ingawa nadhani habari za Euler zilimpita. Alipoona nimemaliza akauliza, "Yule karani aliandika Bibi yako ana miaka mingapi?"

"Themanini, Mama."

Akacheka. Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lenye kutu, akatoa kadi ya ubatizo iliyogeuka rangi ya chai. Imeandikwa: amezaliwa Mei 1939. Basi siku ya sensa Bibi alikuwa na miaka 83. Nikagawanya 83 palepale kichwani. Kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, haiingii, na baada ya 7 hakuna haja ya kuendelea. Ni tasa. Bibi aliyezaa watoto tisa.

Ndipo nikapata moyo wa kumwuliza Mama lile jambo lenyewe, kama Bibi alikufa na hasira kwa sababu nilimfanya ahesabiwe.

Mama aliacha maharage. Akasema, "Usiku ule karani alipoondoka, Bibi yako aliniuliza kama ameandikwa idadi au ameandikwa jina. Nikamwambia jina. Akasema, 'Basi jina si hesabu.' Yakaisha."

"Mbona hakusema nami tena?"

"Mwanangu," akasema Mama, "ulimsemea mkubwa mbele ya mgeni, na yeye yuko nyuma ya ukuta, mzima, anasikia. Ulipaswa umwite aseme mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitafuta kosa langu miaka mitatu mahali pasipo pake. Kosa lipo, ila si lile.

Kadi tuliirudisha katika kopo. Katika daftari nimeandika 83 juu ya ile 80, wala 80 sikuifuta, kwa sababu ndiyo iliyomo katika kishikwambi. Ile 1,870,943 ningali naijaribu. Jana usiku nilifika 29. Ilibaki 8.